Argwings-Kodhek, wakili aliyesalia jina la barabara

Barabara iendayo Hurlingham na Kilimani, jijini Nairobi, ile ipitayo mbele ya hospitali kubwa, huitwa Argwings Kodhek. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye jina hilo alikuwa nani. Wachache walijua kuwa alikuwa waziri. Mmoja alidhani ni Mzungu, na sikumlaumu, maana majina ya kikoloni yaliyosahauliwa kwenye vibao vya mji huu si haba. Waziri alikuwa kweli. Lakini uwaziri ulikuja baadaye sana. Kazi iliyomfanya atajwe vibandani na magerezani aliifanya katika miaka ya hamsini, akiwatetea watu ambao hawakuwa na senti ya kumlipa.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, Nyanza, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Siaya. Alisoma katika shule za misheni, akafika Makerere, kisha akafundisha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alikwenda Uingereza kuendelea na masomo. Yafaa ikumbukwe kwamba serikali ya kikoloni haikuwa na hamu yoyote ya kumwona Mwafrika akisomea sheria. Ilihitaji walimu, makarani, matabibu wasaidizi na maafisa wa kilimo. Wakili mweusi angekuwa na kazi gani ila kuisumbua? Kodhek akaisomea sheria hiyo hiyo, akafuzu na kuidhinishwa kuwa wakili, akarejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya hamsini akiwa na mke Mwairishi.

Ndoa hiyo ilikuwa kesi ya kwanza, ijapokuwa haikusikizwa mahakamani. Nairobi ya wakati huo iligawanywa mitaa kwa rangi, na mume mweusi na mke mweupe hawakuwa na mtaa. Kazi serikalini ilikuwepo, lakini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye sifa zizo hizo. Kodhek aliukataa mpango huo akafungua ofisi yake mwenyewe. Kwa hivyo Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini Kenya alianza akiwa hana tajiri wa kumwajiri wala wateja matajiri.

Mimi ni mtu wa lugha, na msomaji ataniwia radhi nikisimama kidogo kwenye jina lake. Herufi C.M.G., ambazo zilikuwa za majina ya ubatizo, watu wa kwao walizifasiri upya, zikawa Chiedo More Gem. Hiyo ni pakruok, yaani majigambo ya Kiluo yanayomtukuza mtu kwa kumfungamanisha na ardhi yake. Utawala wa Kiingereza nao ulikuwa na nishani iliyofupishwa kwa herufi tatu zizo hizo, iliyotunukiwa watumishi wakubwa wa himaya. Sijui tashtiti bora kuliko hiyo.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata zikaundwa mahakama maalumu za kusikiza kesi za Mau Mau kwa haraka. Orodha ya makosa ya kunyongewa ikarefushwa: kula na kulisha kiapo cha aina fulani, kupatikana na silaha au hata risasi, kuonekana pamoja na wapiganaji. Mtu angeweza kupoteza uhai wake kwa risasi moja iliyookotwa mfukoni, na swali zima la kesi likawa kama kweli ilikuwa mfukoni mwake au ilitiwa humo na aliyemkamata. Swali kama hilo halijibiwi na mshtakiwa mwoga aliyetolewa korokoroni asubuhi hiyo. Linahitaji mtu ajuaye kumhoji askari, kulinganisha maneno aliyoyasema leo na yale aliyoyaandika juzi, na kumwonyesha jaji mahali yanapopingana.

Kwa kesi za roho, serikali ilimlipia mshtakiwa fukara wakili. Tusiidharau kanuni hiyo. Lakini malipo yalikuwa madogo, na mara nyingi wakili alikutana na mteja wake muda mfupi tu kabla ya kesi kuanza. Baada ya mauaji ya Lari ya Machi 1953, washtakiwa walifikishwa mahakamani kwa makumi, wakiwa wamevishwa vibao vya nambari shingoni ili mahakama iweze kuwatofautisha. Mtu mwenye nambari badala ya jina atateteaje habari zake binafsi? Mwanahistoria David Anderson, aliyezipitia kumbukumbu za mahakama hizo, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau.

Hapo ndipo Kodhek alipoingia, pamoja na mawakili wenye asili ya Kihindi kama vile A. R. Kapila na Fitz de Souza. Alichukua kesi ambazo mawakili Wazungu hawakuzitaka, nyingine kwa ujira mdogo, nyingine bila ujira. Rufani zilipelekwa mbele ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na wapo waliookolewa na kitanzi huko kwa sababu tu kulikuwa na mtu wa kuuonyesha upungufu wa ushahidi. Walowezi walimwona kuwa wakili wa Mau Mau. Kwa fikira yangu, waliomwita hivyo hawakuielewa kazi ya uwakili. Kodhek hakuwa Mkikuyu, hakula kiapo cha msituni, na wala hakuhitaji kukubaliana na mteja ili amtetee. Alishikilia jambo dogo kuliko siasa, nalo ni kwamba anayedai mtu auawe kisheria sharti athibitishe.

Kizuizi kingine kilikuwa lugha. Kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza, na baina ya mshtakiwa na jaji alisimama mkalimani. Katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952, Louis Leakey aliwekwa kuwa mkalimani ilhali alijulikana kuwa mshauri wa serikali na adui wa Mau Mau. Mawakili wa akina Kenyatta walilalamika hadi akajiondoa. Lakini Kenyatta alikuwa na mawakili kutoka ng'ambo na magazeti ya dunia nzima yakitazama. Mkulima wa Kiambu aliyeshtakiwa kwa risasi moja alikuwa na nani wa kumwambia jaji kwamba neno lake limepotoshwa? Kila mwalimu wa lugha ajua jinsi kitenzi kimoja cha Kikuyu au cha Kiswahili kinavyoweza kubeba mnyambuliko wa kulazimishwa, ambao tafsiri ya haraka huudondosha njiani: aliyelishwa kiapo akaandikwa kuwa aliyekula kiapo. Silabi hizo chache zilikuwa zikiamua mambo mazito mno.

Mwaka wa 1955 serikali iliwaruhusu Waafrika kuunda vyama vya siasa, lakini vya wilaya tu. Kodhek alitaka chama cha nchi nzima, akakataliwa, akaridhika na kile cha Nairobi. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza wa Waafrika kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, alishindana na Tom Mboya akashindwa kwa kura mia chache. Wanaosimulia kisa hiki husifu ustadi wa Mboya, na ustadi ulikuwepo. Ila wasisahau jambo moja. Operesheni ya Aprili 1954 ilikuwa imewazoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka jijini, na waliosalia hawakuruhusiwa kupiga kura pasipo cheti cha uaminifu kwa serikali. Watu waliokuwa na deni kubwa zaidi kwa wakili huyu walikuwa kambini, gerezani au kaburini siku ya kura.

Miaka iliyofuata naipitia upesi, kwa kuwa imeandikwa vya kutosha. Uchaguzi wa 1963 ulimpeleka bungeni kama mjumbe wa Gem, akapanda hadi uwaziri, na kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa akishughulikia mambo ya nchi za nje. Alifariki tarehe 29 Januari 1969, baada ya ajali ya gari katika barabara ambayo sasa ina jina lake. Minong'ono kwamba haikuwa ajali ilianza mapema, ikazidi pale Mboya alipopigwa risasi Julai mwaka uo huo. Alikuwa na umri wa miaka 45 au 46.

Je, yule mtu wa risasi moja akaachwa na nani? Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961, kikafuatwa na cha Nairobi mwaka wa 1970, na mawakili Waafrika wakaongezeka. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka wa 1973 kuwasaidia wasiojiweza. Lakini serikali huru iliirithi kanuni ya kikoloni karibu kama ilivyokuwa: aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili bila malipo, ilhali aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo adhabu yake ilikuwa kifo, alijitetea peke yake kwa sababu kesi yake ilisikizwa na hakimu wa mahakama ya chini. Watu wawili wanakabiliwa na kitanzi kimoja. Mmoja ana wakili, mwenziwe hana, na tofauti ni mlango wa mahakama walioingilia.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilisema, katika kifungu cha 50, kwamba mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo dhuluma kubwa itatokea bila hivyo, na pia mkalimani asiyelipiwa. Mwaka wa 2011 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya David Njoroge Macharia, ilikiri kwamba haki hiyo haiwezi kuishia kwenye kesi za mauaji. Kisha ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016, inayomruhusu hata asiye wakili, akiwa amepata mafunzo na kibali, kumshauri jirani yake. Walimu wengi wa vijijini tayari hufanya kazi hiyo bila kibali, wakisomewa barua za mahakama na wazazi wa wanafunzi wao jioni na jioni.

Kwa hao ningependa kuwaonyesha kifungu kinachoeleza namna ya kuomba msaada huo. Sheria hiyo, inayokusudiwa maskini wa Kenya, iliandikwa kwa Kiingereza.