Bibi wa Bunda na Deni la Mwalimu

Tulikwenda fildi Bunda, kando ya ziwa, na madodoso ya kichocho. Bibi mmoja alijibu yote, kisha akaniuliza waliochukua choo chake kukipima kabla yetu walipeleka wapi majibu. Nikabaki kimya.

Jumamosi nikapanda gari hadi Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Alizaliwa hapo 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, 1934, akasoma hadi Makerere na Edinburgh. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Adhabu ile ilikuwa kali, sibishi. Ila kwake msomi ni mtu aliyepewa akiba yote ya chakula ya kijiji chenye njaa, akatumwa mbali akalete kingine. Asiporudi, amewasaliti.

Wenzangu, sisi tumekula akiba ya nani? Likizo hii narudi Bunda. Bibi atapata majibu yake kabla msimamizi wangu hajapata ripoti.