Sayyida Salme: Mwalimu kutoka Oman na kalamu ya siri

Katikati ya karne ya 19, pepo za kaskazi zilipovuma, majahazi kutoka Oman hayakuleta Unguja tende, samaki wakavu na wafanyabiashara peke yake. Yalileta pia masheikh, makadhi na walimu. Miongoni mwa waliovuka bahari wakati huo alikuwa mwanamke mmoja kibogoyo, aliyeagizwa Oman na Sayyid Said bin Sultan ili awasomeshe watoto wake katika kasri la Mtoni.

Jina la mwalimu huyo halifahamiki. Hata hivyo, mmoja wa wanafunzi wake alikuja kumtaja katika kitabu kilichosomwa Ulaya na hatimaye Arabuni, akieleza kuwa huyo ndiye mwalimu pekee aliyekuwa naye utotoni. Mwanafunzi huyo alikuwa Sayyida Salme, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete.

Chuo cha Mtoni

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri hilo la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Sayyid Said, alianza kutawala Muscat mwaka 1806, na kufikia mwaka 1840 alikuwa ameifanya Unguja kuwa makao yake makuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa angali mtoto na kutenganishwa na jamaa zake.

Watoto wa Mtoni, wa kike na wa kiume, walisoma pamoja. Waliketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu wao, kila mmoja na msahafu wake, wakiimba herufi, kisha silabi, kisha aya, kwa sauti kubwa na kwa pamoja. Hawakuelezwa maana ya waliyoyasoma, wala haikuwa adabu kuuliza. Aliyezembea alionja fimbo. Mwalimu alipougua, na asipatikane wa kushika nafasi yake, kwa watoto ilikuwa ni sikukuu.

Msomaji aliyepita chuoni katika mwambao wa Afrika Mashariki hatashangazwa na picha hiyo. Lakini palikuwa na jambo moja lililowatenganisha ndugu hao. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulihesabiwa kuwa si jambo la mwanamke wa heshima, kwani mwanamke mwenye kalamu angeweza kumwandikia amtakaye bila mwenye nyumba kujua.

Hivyo mwalimu kutoka Oman alimpa binti huyo ufunguo mmoja na kumnyima wa pili. Pengine hata yeye mwenyewe hakuwahi kupewa huo wa pili.

Mfupa wa ngamia

Salme hakukubali kukomea hapo. Kwa siri alichukua msahafu wake na kuanza kunakili herufi, moja baada ya nyingine, juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama zile. Hakuwa na wa kumsahihisha. Alipotambua kwamba mwandiko mzuri hauji bila ya mwelekezi, alimwendea mtumwa mmoja wa nyumbani kwao aliyejua kuandika na kumwomba amfundishe. Habari zilipofichuka alilaumiwa sana, lakini yeye hakujali.

Inafaa kusita kidogo hapa. Mwalimu wa pili wa binti huyo wa Sultani alikuwa mtu asiyekuwa na uhuru wake mwenyewe, na jina lake pia halikuandikwa. Utajiri wa nyumba ile ulitegemea mashamba ya karafuu yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Salme alipokuwa mtu mzima aliandika kuhusu utumwa kwa namna ya kuutetea, na wasomaji wengi wa leo hawakubaliani naye. Alijifunza mengi kutoka kwa mtu yule, lakini kulitazama jambo hilo kwa macho ya mtumwa hakukuwamo katika somo.

Kalamu yaingia katika siasa

Mwezi Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki dunia baharini akirejea kutoka Oman. Dola yake iligawanyika: Thuwaini akabaki na Muscat na Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao mwingine, Barghash, alipanga njama ya kumpindua Majid. Mwaka huo huo Salme alifiwa na mama yake kwa maradhi ya kipindupindu.

Wala njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na mtu huyo ilibidi awe wa ndani ya familia. Salme, mwenye umri wa miaka 15, ndiye aliyejua. Akawa katibu wa uasi, akiandika usiku barua kwa wakuu waliotarajiwa kuwaunga mkono na maagizo ya silaha na risasi. Kumbe lile lililohofiwa na wakubwa, kwamba mwanamke mwenye kalamu hatabirika, lilikuwa limetimia, tena ndani ya jumba la kifalme.

Uasi ulishindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay. Salme alisamehewa, lakini kupatana kwake na Majid kuliwakasirisha ndugu waliokuwa upande wa pili. Akabaki mpweke kati ya makundi mawili.

Katika upweke huo alifahamiana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kufunga ndoa mwezi Mei 1867, kisha mume na mke wakaelekea Ujerumani.

Mwanafunzi tena, ugenini

Mwezi Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Emily, kama alivyoitwa sasa, alibaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake ilikuwa ingali ngumu kwake. Urithi wake wa Unguja haukumfikia, na fedha zilipungua mwaka hadi mwaka.

Ndipo mazoea ya mfupa wa ngamia yalipomfaa kwa mara ya pili. Aliyewahi kujifunza maandishi bila kuruhusiwa na mtu sasa alijifunza kusoma na kuandika Kijerumani, na ili kupata riziki aliwafundisha wengine Kiarabu. Mwanafunzi wa mwalimu mmoja akawa mwalimu mwenyewe.

Alipowapeleka watoto wake shuleni alizitazama shule za Ulaya kwa jicho la mtu aliyekulia kwenye mkeka wa Mtoni. Aliona watoto wakibebeshwa masomo mengi kupita kiasi na kufungiwa vyumbani kwa saa nyingi, hata afya zao zikadhoofika. Aliona pia kwamba elimu nyingi haikuwa lazima ilete heshima kwa mwalimu au kwa wazazi. Wakati huo huo hakuficha upungufu wa chuo chake mwenyewe, ambamo mtoto alikariri asichokielewa. Si wengi katika karne ile waliopata kuzipima shule za aina mbili hizo kutoka ndani.

Karibu na mwaka 1877, akihofia kwamba angekufa kabla watoto wake hawajakua, alianza kuwaandikia habari za utoto wake. Kumbukumbu hizo zilichapishwa Berlin mwaka 1886. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu, mzaliwa wa Afrika Mashariki, alisimulia maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe.

Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888. Watu wa mjini walijitokeza kumlaki, lakini Barghash, ambaye alikuwa Sultani tangu 1870 na ambaye barua zake za uasi ziliandikwa na mkono wa dada yake, alikataa kumwona. Baadaye Salme aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79, na akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi.

Njia ya kurudi Muscat

Nchi aliyotoka mwalimu yule kibogoyo ilichukua muda mrefu kuwafungulia wasichana milango. Hadi mwaka 1970 Oman ilikuwa na shule tatu tu za kisasa za serikali, na zote zilikuwa za wavulana. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka mwezi Julai mwaka huo, shule za wasichana zilianza kufunguliwa, na serikali ikawaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo.

Wengi walitoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, wakiwamo wanawake waliokwisha kusoma. Baadhi yao waliingia madarasani kufundisha. Safari ya mwalimu ikawa imegeuka: zamani alitoka Oman kwenda Unguja, sasa alitoka Unguja kwenda Oman. Kiswahili walichokwenda nacho kinasikika Muscat hadi leo.

Kumbukumbu za Sayyida Salme nazo zimetafsiriwa kwa Kiarabu, na binti wa Muscat anaweza leo kuzisoma. Anaweza pia, bila kujificha na bila mfupa wa ngamia, kuandika za kwake.