Hattie McDaniel

Hattie McDaniel (10 Juni 1893 – 26 Oktoba 1952) alikuwa mwigizaji wa filamu, mwimbaji na mchekeshaji kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuigiza kama yaya katika filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Akademi, maarufu kama Oscar, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo hiyo na wa kwanza kuipata.

Karibu maisha yake yote ya filamu aliigiza kama mtumishi wa nyumbani. Kwa sababu hiyo alisifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja, na lawama nyingine zilitoka kwa watu weusi wenzake. Pamoja na hayo alifanya jambo ambalo vitabu vingi vya filamu hulitaja kwa mstari mmoja tu: alisimama mahakamani kutetea haki ya watu weusi kuishi katika nyumba walizozinunua kwa fedha zao.

Familia na utoto

Hattie alizaliwa mjini Wichita katika jimbo la Kansas (vitabu vingine huandika kwamba alizaliwa 1895). Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto 13, ambao baadhi yao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake, Henry McDaniel, alizaliwa mtumwa na baadaye akapigana katika jeshi la Kaskazini wakati wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani. Alirudi na majeraha yaliyomzuia kufanya kazi nzito, naye alihangaika miaka mingi akiomba pensheni ya askari. Mama yake, Susan Holbert, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini na alifanya kazi katika nyumba za watu.

Karibu mwaka 1900 familia ilihamia jimbo la Colorado, kwanza Fort Collins na kisha Denver. Huko Hattie alisoma katika shule iliyochanganya watoto weusi na weupe, jambo ambalo katika majimbo ya Kusini lisingewezekana. Mwaka 1910 alishinda medali katika mashindano ya kughani yaliyoandaliwa na chama cha wanawake cha kupinga ulevi. Muda mfupi baadaye aliacha shule ili afanye kazi ya jukwaani pamoja na ndugu zake.

Jukwaani na redioni

Wakati huo yalikuwepo maonyesho ambayo waigizaji weupe walijipaka masizi usoni ili kuwaiga na kuwadhihaki watu weusi. Makundi ya watu weusi nayo yalilazimika kufuata mtindo huo, kwa kuwa ndio uliolipa. Mwaka 1914 Hattie na dada yake Etta walianzisha kundi la wanawake watupu, na humo Hattie aliugeuza mchezo: alimwigiza mtumishi mweusi kwa kumtia chumvi kupita kiasi, hata watazamaji weusi wa Denver wakajua kwamba anayechekwa ni yule aliyeubuni uongo huo. Anayetaka kuelewa filamu zake za baadaye aanzie hapa.

Miaka hiyo haikuwa rahisi. Mume wake wa kwanza, Howard Hickman, alifariki mwaka 1915, na kaka yake Otis, aliyekuwa nguzo ya kundi la familia, alifariki mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1920 Hattie aliimba na bendi ya George Morrison iliyokuwa na makao yake Denver, akasikika katika redio ya mji huo, na kati ya 1926 na 1929 akarekodi nyimbo za blues, baadhi zikiwa ni tungo zake mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka 1929, soko la hisa la New York likaporomoka na kazi za jukwaani zikatoweka. Hattie alijikuta katika mji wa Milwaukee, na kazi pekee aliyoipata ilikuwa kuhudumu katika maliwato ya wanawake kwenye klabu ya usiku iliyoitwa Club Madrid. Waliopanda jukwaani hapo walikuwa weupe tu. Baada ya muda mwenye klabu alikubali aimbe, na tangu hapo akawa mwimbaji wa kawaida wa klabu hiyo.

Hollywood

Mwaka 1931 alihamia Los Angeles, ambako kaka yake Sam na dada zake Etta na Orlena walikuwa wametangulia. Sam alimwingiza katika kipindi cha redio ambamo aliigiza kama mtumishi mwenye kiburi anayesahau nafasi yake. Kipindi kilipendwa, lakini malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba mchana aliendelea kufua na kupika katika nyumba za watu ili apate kodi ya nyumba.

Alianza kuonekana katika filamu mwaka 1932, mara nyingi bila jina lake kuandikwa. Katika I'm No Angel (1933) alikuwa mmoja wa watumishi wa Mae West. Nafasi yake ilikua katika Judge Priest (1934), filamu ya mwongozaji John Ford, ambamo aliimba pamoja na Will Rogers. Mwaka uliofuata alicheza katika The Little Colonel pamoja na mtoto Shirley Temple, na katika Alice Adams, ambamo Katharine Hepburn alikuwa mwigizaji mkuu. Katika filamu hiyo ya pili Hattie ni mpishi aliyekodiwa kwa usiku mmoja ili familia isiyo na uwezo ijionyeshe mbele ya mgeni. Hatamki maneno mengi, lakini kwa kutafuna na kutupa jicho anaivuruga karamu nzima. Ni dakika chache, nazo zinaonyesha uwezo wake kuliko filamu nyingine nyingi alizopewa. Mwaka 1936 alicheza na kuimba katika Show Boat, akiwa na Paul Robeson.

Gone with the Wind

Riwaya ya Margaret Mitchell ilipotoka mwaka 1936 iliuzwa kwa wingi sana, na mtayarishaji David O. Selznick akanunua haki ya kuitengenezea filamu. Nafasi ya yaya wa Scarlett O'Hara iligombewa na wengi. Hata Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alimwandikia Selznick kumpendekeza mtumishi wa Ikulu, Elizabeth McDuffie. Inasimuliwa kwamba Hattie alikwenda kwenye usaili akiwa amevaa sare halisi ya mtumishi, na akaipata nafasi hiyo.

Filamu hiyo inawaonyesha mabwana wa watumwa wa Kusini kama watu waungwana, na watumwa kama watu walioridhika. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, pamoja na magazeti ya watu weusi walilalamika mapema, na Selznick akakubali kuondoa tusi la kibaguzi lililojaa katika riwaya. Mambo mengine mengi yalibaki. Hata hivyo yaya wa Hattie si mtu wa kuinamisha kichwa: anamkemea Scarlett, anamsoma tabia, na ndiye mwenye busara kuliko wote katika nyumba ile. Pale anapopanda ngazi huku akisimulia msiba wa mtoto aliyekufa, watazamaji wengi walilia, na wengi wanaamini tuzo ilipatikana pale.

Onyesho la kwanza lilifanyika mjini Atlanta tarehe 15 Desemba 1939. Georgia lilikuwa jimbo la ubaguzi wa kisheria, hivyo waigizaji weusi hawakuruhusiwa kuhudhuria. Inasemekana Clark Gable, mwigizaji mkuu wa kiume na rafiki wa Hattie, alitishia kususa, naye Hattie akamsihi aende. Katika dansi ya hisani iliyofanyika usiku wa kuamkia onyesho hilo, kwaya ya watu weusi iliimba mbele ya wageni ikiwa imevalishwa mavazi ya watumwa. Mmoja wa waimbaji hao, mwenye umri wa miaka 10, alikuwa Martin Luther King.

Usiku wa tuzo

Tuzo zilitolewa tarehe 29 Februari 1940 katika ukumbi wa Cocoanut Grove wa hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli hiyo haikuwaruhusu watu weusi kuingia kama wageni, na Selznick alilazimika kuomba ruhusa maalumu. Hattie aliketi kwenye meza ndogo kando ya ukuta, pamoja na aliyemsindikiza na wakala wake, huku wenzake wa filamu ileile wakiwa kwenye meza nyingine. Kati ya aliowashinda alikuwemo Olivia de Havilland, aliyecheza naye katika filamu hiyohiyo.

Alipanda akiwa na maua meupe ya gardenia nyweleni. Aliishukuru Akademi, akasema anatumaini atakuwa fahari kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu, kisha akazidiwa na machozi. Miaka ile waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu inayojulikana leo, bali kibao kidogo chenye sanamu hiyo juu yake. Baada ya hapo alirudi kwenye meza yake ya ukutani.

Lawama

Mtu angetarajia kwamba mshindi wa Oscar angepewa nafasi za aina nyingine. Hattie alipewa aproni zilezile. In This Our Life (1942) ilikuwa na afadhali, kwa kuwa humo ni mama wa kijana mweusi anayesomea sheria na kusingiziwa kosa. Lakini katika Since You Went Away (1944) na Song of the South (1946) alirudi jikoni.

Walter White, katibu wa NAACP, alifika Hollywood mwaka 1942 kuwataka wakuu wa kampuni za filamu waache kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na vichekesho tu. Kwa Hattie na wenzake hilo lilikuwa tishio kwa riziki yao, na waliona kwamba White anazungumza na matajiri bila kuwauliza wao. Hoja ya Hattie ilijulikana sana: ikiwa ni lazima kuchagua, heri kulipwa mamia ya dola kwa wiki kumwigiza mtumishi kuliko kulipwa dola chache kuwa mtumishi kweli. Kazi zote mbili alikuwa amezifanya. White naye hakukosea kuhusu madhara ya picha zile, maana mamilioni ya watu waliwajua watu weusi kupitia filamu tu. Kosa la ugomvi ule, kwa maoni ya wengi wanaoutazama leo, ni kwamba waigizaji walibeba lawama ya waandishi na wenye kampuni. Lena Horne, kijana ambaye NAACP ilimtaka awe sura mpya, alisimulia baadaye kwamba Hattie alimkaribisha nyumbani kwake na kumtia moyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Hattie aliongoza kamati ya wasanii weusi waliowatumbuiza wanajeshi weusi, ambao walitengwa na wenzao hata vitani.

Kesi ya Sugar Hill

Hati za nyumba katika mitaa mingi ya Los Angeles zilikuwa na sharti linalokataza kumuuzia mtu asiye mweupe. Mtaa wa West Adams Heights ulikuwa na sharti hilo, lakini baadhi ya wenye nyumba waliuza kwa watu weusi wenye uwezo, na mtaa ukapewa jina la Sugar Hill. Hattie alinunua nyumba kubwa huko. Majirani zake walikuwa pamoja na waigizaji Ethel Waters na Louise Beavers.

Wakazi weupe walifungua kesi wakitaka watu weusi waondolewe. Hattie alikusanya majirani nyumbani kwake wajipange, na wakili wao akawa Loren Miller. Mwezi Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi hiyo. Alisema Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yanawapa watu weusi haki sawa, na mahakama zimeyakwepa kwa muda mrefu mno. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo popote nchini, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi zilizosikilizwa pamoja na hiyo. Miaka ya 1960 barabara kuu ilipitishwa katikati ya Sugar Hill na nyumba nyingi zikabomolewa.

Beulah na miaka ya mwisho

Mwezi Novemba 1947 Hattie alianza kuongoza kipindi cha redio cha Beulah kilichorushwa na CBS. Mhusika alikuwa tena mtumishi, lakini kabla yake sauti ya mtumishi huyo mwanamke mweusi iliigizwa na wanaume weupe. Hattie alikubali kwa sharti kwamba hatazungumza kwa lafudhi ya kudhihaki, na wasikilizaji waliongezeka. Mwaka 1951 alichukua nafasi ya Ethel Waters katika toleo la televisheni, akarekodi vipindi sita kabla ya kuugua.

Aliolewa mara nne na hakujaliwa mtoto. Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952 katika hospitali ya wasanii wa filamu huko Woodland Hills, California. Maelfu ya watu walihudhuria mazishi. Katika wosia wake aliomba azikwe katika makaburi ya Hollywood walikolala wasanii wenzake, lakini makaburi hayo yalikuwa ya watu weupe tu na ombi likakataliwa. Alizikwa katika makaburi ya Rosedale, Los Angeles. Mwaka 1999 mmiliki mpya wa makaburi ya Hollywood alitaka kumhamishia huko. Jamaa zake hawakutaka asumbuliwe, hivyo ukajengwa mnara wa kumbukumbu tu.

Kibao chake cha Oscar alikiachia Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Kiliwekwa katika idara ya maigizo, kisha kikapotea karibu na mwanzo wa miaka ya 1970 na hakijaonekana tena. Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991, baada ya nusu karne na zaidi. Mo'Nique alipopata tuzo hiyohiyo ya mwigizaji msaidizi mwaka 2010, alivaa gardenia nyweleni kumkumbuka Hattie. Idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake mwaka 2006, na tarehe 1 Oktoba 2023 Akademi ilikikabidhi Chuo Kikuu cha Howard kibao kingine mahali pa kile kilichopotea.