Bwana wa Njugu

Mimi nikitumwa kung'oa njugu nilikuwa nikinuna, mpaka niliposoma habari za George Washington Carver. Alizaliwa utumwani huko Missouri, Marekani, katika miaka ya 1860. Chuo kimoja kilimkataa kwa kuwa ni mweusi. Hakukata tamaa, mwaka 1894 akapata shahada ya kilimo Iowa. Kuanzia 1896 alifundisha Tuskegee, Alabama, ambako pamba ilikuwa imechosha udongo. Akahimiza wakulima wapande njugu, zinazorudisha rutuba, pamoja na viazi vitamu. Je, mazao yakizidi? Basi akajifungia maabarani: njugu zikatoa rangi, viazi vikatoa wanga na gundi! Alifariki 1943. Kumbe shamba ni kiwanda, jamani. Siku hizi sinuni tena.