Handel: Aliacha chuo, akafuata muziki hadi ng'ambo

Kama wewe ni shabiki wa soka, kuna wimbo unaoujua bila kufundishwa na mtu. Timu mbili zimejipanga mstari uwanjani, kwaya inaanza kuimba, na wewe hapo kwa kochi nywele za mkono zinasimama. Ndio huo, wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Na kama ulilelewa kanisani, unaijua Haleluya, ile ambayo kwaya huifanyia mazoezi wiki nzima, soprano wakipanda juu mpaka unawahurumia koo.

Sasa shika hii: nyimbo hizo mbili zina baba mmoja. Ule wa soka ulitengenezwa 1992 kutoka kwa wimbo alioutunga 1727. Haleluya ni yake yote. Jamaa anaitwa George Frideric Handel, na amelala kaburini tangu 1759. Waingereza humhesabu kama mtu wao, lakini alizaliwa Ujerumani, na alifika London akiwa kijana wa miaka 25 aliyekuwa ameshazunguka Ulaya akitafuta kitu kimoja tu: muziki unapigwa vizuri wapi?

Alizaliwa mji wa Halle, Februari 1685. Babake alikuwa kinyozi aliyefanya pia upasuaji, kazi zilizokwenda pamoja enzi hizo, na alikuwa na miaka zaidi ya 60 kijana huyu alipozaliwa. Mzee hakutaka kusikia mambo ya vinanda. Alitaka mwanawe asomee sheria. Si unaijua hiyo hadithi? Ukitaja muziki mezani, mtu anakuuliza utakula nini.

Mwandishi wa kwanza wa maisha yake anasimulia kwamba mtoto aliingiza kinanda kidogo darini kisirisiri, akawa anakipiga usiku watu wakiwa wamelala. Kisha siku moja mzee akasafiri kwenda Weissenfels, kwenye jumba la mtawala wa huko, na mtoto akalikimbilia gari la farasi kwa miguu mpaka akabebwa. Huko mtawala akamsikia akipiga kinanda cha kanisa, akamwambia mzee asimzuie. Mzee alikubali apewe mwalimu. Alifariki 1697, kijana akikaribia kutimiza miaka 12.

Handel hakuitupa ndoto ya marehemu mara moja. 1702 alijiandikisha chuo kikuu cha Halle, huku akipiga kinanda kanisani kwa mshahara. Mwaka mmoja hivi baadaye akaacha yote mawili, akashika njia kwenda Hamburg. Sisi tulioacha chuo tunapenda sana kufikia hapa, lakini tulia kidogo uone alichokifanya baada ya hapo.

Kwa nini Hamburg? Kwa sababu Hamburg ilikuwa na jumba la opera lililofunguliwa kwa umma, ambapo mtu wa kawaida angenunua tiketi akaingia. Halle hakukuwa na kitu kama hicho. Na hakuingia kama staa. Alianza na fidla, nyuma kabisa ya bendi, akisikiliza na kujifunza jinsi opera inavyoundwa. Baadaye akapandishwa kukaa kwenye kinanda.

Huko karibu auawe. Desemba 1704, yeye na rafiki yake Johann Mattheson waligombania nani atakaa kwenye kinanda katikati ya onyesho. Ugomvi ukatoka nje, panga zikachomolewa. Upanga wa Mattheson ulivunjika kwenye kifungo cha chuma cha koti la Handel, la sivyo leo hakuna Haleluya wala wimbo wa soka. Mwezi haukuisha kabla ya kupatana. Mwezi uliofuata opera ya kwanza ya Handel, Almira, ilipanda jukwaani, na Mattheson akaimba ndani yake. Hebu fikiria urafiki wa aina hiyo.

1706 akafunga safari kwenda Italia. Opera ilizaliwa Italia, kwa hivyo hata wimbo wa Hamburg ulikuwa mwangwi tu wa kule. Inasimuliwa kwamba mwana wa ukoo wa Medici alijitolea kumpeleka, naye akakataa, akasubiri mpaka akiba yake itoshe. Alikaa karibu miaka minne, kati ya Florence, Roma, Naples na Venice.

Roma palikuwa na kizuizi: Papa alikuwa amepiga opera marufuku. Handel akageuza mbinu. Akaandika nyimbo za kanisa na za kumbi za makadinali, ingawa yeye alikuwa Mlutheri na wao Wakatoliki. Dixit Dominus aliimaliza 1707, akiwa na miaka 22, na mpaka leo waimbaji wanaiogopa kwa ugumu wake. Kisha Venice, mwishoni mwa 1709, opera yake Agrippina ikaonyeshwa usiku 27. Mgeni aliyekuja kujifunza sasa alikuwa anawaimbisha wenyeji kwa lugha yao.

Aliporudi Ujerumani 1710, mtawala wa Hanover alimpa kazi nzuri ya mshahara, na ruhusa ya kusafiri. Kijana akaenda London. Opera ya Kiitaliano ilikuwa mpya huko na wenye pesa walikuwa na kiu nayo. Februari 1711 akawapa Rinaldo, mji ukawaka. Akarudi Hanover, akaomba ruhusa tena, akapewa kwa sharti kwamba asichelewe. Alienda 1712 na hakurudi.

Sasa cheka. 1714 malkia wa Uingereza alifariki bila mtoto aliye hai, na aliyerithi kiti chake ni nani? Yule yule mdosi wa Hanover aliyeachwa kwenye mataa. Akaja London na kuwa Mfalme George wa Kwanza. Lakini muziki ulimlinda Handel. Julai 1717 mfalme alipopanda mashua kwenye mto Thames, Handel alikuwa na wanamuziki 50 hivi kwenye mashua ya pembeni, na mfalme alifurahi mpaka akaagiza muziki urudiwe. 1727 Handel akapata uraia wa Uingereza. Mwaka huo huo akatunga Zadok the Priest kwa kutawazwa kwa George wa Pili. Ndio huo wimbo mama wa Ligi ya Mabingwa, na ungali unaimbwa kila mfalme wa Uingereza anapotawazwa. Charles aliimbiwa 2023.

Usidhani maisha yalikuwa mteremko. Kampuni za opera alizofanyia kazi zilianguka. 1737 akapata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kufanya kazi. Alipopona, London ilikuwa imechoka na opera. 1741 aliandika Messiah kwa siku 24, kisha akaipeleka Dublin, Ireland, ambako ilisikika kwa umma mara ya kwanza Aprili 1742. Ukumbi ulikuwa mdogo hata wanawake wakaombwa wasivae sketi zao pana ili watu wengi zaidi waenee. Pesa zilienda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Enzi hizo hukuorodheshwa tu kwa kukosa kulipa mkopo, ulitupwa jela. Onyesho hilo liliwatoa watu 142.

Lakini kuna upande mwingine, na wewe msomaji Mwafrika una haki ya kuujua. Rekodi za hisa zinaonyesha kwamba Handel aliwahi kumiliki hisa za Royal African Company, kampuni iliyowanunua Waafrika na kuwasafirisha utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Wengi wa matajiri waliomlipa walikuwa na pesa humo humo. Yeye alivuka mipaka akifuata sauti aliyoipenda. Wengine walivushwa bahari kwa minyororo, na sehemu ya faida ikalipia opera. Sikuambii uzime wimbo. Nakuambia usikie ukijua.

Miaka yake ya mwisho macho yalikufa. Alipasuliwa na John Taylor, tapeli aliyejiita daktari wa macho na aliyekuwa amempasua Johann Sebastian Bach pia, na hakumsaidia. Aliendelea kupiga kinanda hadharani akiwa kipofu. Alifariki Aprili 14, 1759, bila mke wala mtoto, akazikwa Westminster Abbey, walikozikwa wafalme wengi. Watu kama 3,000 walihudhuria.

Kwa hivyo kama una pasipoti mpya na unawaza kwenda nje kwa sababu ya muziki, angalia mpangilio wake. Alikwenda palipo na kitu alichokosa nyumbani. Alikubali kiti cha nyuma. Alijifunza lugha ya muziki wa wenyeji kabla ya kuwauzia chake. Na kila alipohama, alikuwa na ufundi mkononi, si matumaini peke yake. Kuacha chuo ilikuwa sehemu fupi sana ya hadithi hiyo.

Ukitaka kuanza kumsikiliza, anza na Zadok the Priest. Usiruke mwanzo. Vinanda na fidla vitazunguka kwa dakika nzima na zaidi, utadhani hakuna kinachokuja. Ngoja kwaya iingie.