Mtakatifu Luigi Gonzaga, Mrithi Aliyeuacha Umarki

Mtakatifu Luigi Gonzaga, ambaye Wakristo wengi humwita Aloisi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1568 katika ngome ya Castiglione, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Ferrante, alikuwa marki, yaani mtawala wa nchi ndogo chini ya Kaizari. Kwa desturi yao cheo hicho kilimpasa mwana wa kwanza, na mwana huyo ndiye Luigi. Kwa hiyo tangu utoto alipelekwa kambini kati ya askari, ajifunze kazi ya wakubwa.

Alipoomba kuingia Shirika la Wayezuiti, babaye alikataa kwa hasira nyingi. Tusimhukumu upesi mzee huyo: alikuwa mcheza karata mwenye kupoteza mali, naye aliona kwamba mwana huyu ndiye mwenye akili ya kuutunza ukoo. Hata alipokubali, haikutosha. Umarki haukuwa nguo ambayo mtu huvua apendavyo. Ilipasa Kaizari atoe ruhusa, kisha hati iandikwe. Tarehe 2 Novemba 1585, katika mji wa Mantova, Luigi alitia sahihi na kumwachia mdogo wake Rodolfo haki zote. Alikuwa na miaka 17. Mwezi uleule akaingia novisiati huko Roma. Miezi michache baadaye babaye akafariki.

Lakini cheo kilimfuata. Rodolfo aligombana na mtawala wa Mantova juu ya urithi wa Solferino, nchi ya ndugu ya baba yao, na mwaka 1589 Luigi alirudishwa nyumbani awapatanishe. Akafaulu. Tena Rodolfo alikuwa ameoa kwa siri msichana wa ukoo wa chini, akiwaogopa jamaa zake. Luigi akamsihi aitangaze ndoa hiyo. Kwangu mimi, kazi hii ilikuwa ngumu kuliko kutia sahihi.

Alikufa Roma tarehe 21 Juni 1591, baada ya kuwahudumia wagonjwa wakati wa tauni, akiwa na miaka 23. Rodolfo aliuawa mwaka 1593. Umarki ukamwendea Francesco, mdogo wao, ambaye baadaye Kaizari alimpandisha kuwa prinsi. Mwaka 1691 raia wa Castiglione waliuasi ukoo huo. Papa Benedikto XIII alipomtangaza Luigi mtakatifu, tarehe 31 Desemba 1726, akina Gonzaga hawakutawala tena Castiglione.