Ward, daktari aliyeokoa kangaga kwa chupa yenye kifuniko

Ukikaa Nachingwea au Ruangwa unajua: mvua zikishakata Aprili au Mei, basi, ni kusubiri hadi Novemba au Desemba. Katikati hapo ni jua, upepo na vumbi jekundu linaloingia hadi kabatini. Mkorosho hauna shida na hali hiyo, tena ndio wakati wake wa kutoa maua. Kangaga haliwezi.

Kangaga ni ule mmea usio na maua wala mbegu, majani yake yamechanikachanika kama manyoya ya ndege na machipukizi yake yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Aina zake laini zaidi, zenye vikonyo vyeusi vyembamba kama uzi, zinapendeza sana sebuleni. Lakini ukisahau kumwagilia siku mbili tu za kiangazi, unakuta zimekaukia chunguni kama karatasi.

Mtu aliyepata dawa ya tatizo hilo alizaliwa London mwaka 1791. Jina lake Nathaniel Bagshaw Ward, na kazi yake haikuwa kilimo. Alikuwa daktari, kama baba yake.

Akiwa na miaka 13 alipelekwa safari ya baharini hadi Jamaica. Inasemekana wazazi walitaka aonje ubaharia. Kilichomkaa moyoni ni minazi na makangaga ya kule. Akarudi nyumbani, akasomea udaktari, akafungua shughuli zake Wellclose Square, mashariki mwa London, mtaa wa watu wa bandarini na viwanda.

Hapo ndipo shida ilipoanza. London ya wakati ule ilikuwa ikichoma makaa ya mawe usiku na mchana. Ward alipanga mawe nyuma ya nyumba, akapitisha maji juu yake, akapanda makangaga na ule ukijani unaoota kwenye mawe yenye unyevu. Vyote vikafa. Moshi na masizi vilimshinda, akakata tamaa.

Mwaka 1829 alikuwa akifuatilia jambo lingine kabisa. Alimchukua kiwavi aliyejifunga akisubiri kugeuka nondo, akamfukia kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya mdomo mpana, akafunika. Kila siku alichungulia. Aliona mvuke ukipanda mchana, ukiganda kwenye kioo na kuteremka tena udongoni, kwa hiyo udongo haukukauka. Muda mfupi kabla ya nondo kutoka, akaona vitu viwili vya kijani: jani moja la nyasi na kangaga changa.

Kumbe vilikuwemo kwenye udongo tangu mwanzo. Kangaga huzaliana kwa chembe laini kama unga, zinazotoka kwenye vile vidoa vya kahawia chini ya jani (wengi huvidhania ugonjwa na kuvikwangua). Chembe hizo zikikosa unyevu haziendi popote. Ndani ya chupa zilipata kila kitu, halafu moshi haukuzifikia.

Ward akaiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea. Mimea ile iliishi karibu miaka 4 bila kuongezwa hata tone la maji, na nyasi zikatoa maua. Vilikufa siku alizokuwa safarini: kifuniko kilishika kutu, maji ya mvua yakaingia, vikaoza.

Mtu mwingine angeishia kuwasimulia marafiki. Yeye alimwendea George Loddiges, mwenye bustani kubwa ya kuuza mimea kule Hackney, wakaanza kujaribu aina moja baada ya nyingine ndani ya masanduku ya mbao na kioo. Loddiges alikuwa na sababu yake. Miche aliyoagiza kutoka ng'ambo ilikuwa ikifia melini, karibu yote, kwa chumvi, upepo na ubahili wa mabaharia wa maji ya kunywa.

Juni 1833 masanduku mawili yalipakiwa kwenye meli kwenda Australia, yamejaa makangaga na nyasi. Yalikaa sitahani, juani. Novemba nahodha, Charles Mallard, aliandika kutoka Hobart kumjulisha Ward kwamba karibu mimea yote ilikuwa hai.

Safari ya kurudi ndiyo ilikuwa kipimo. Masanduku yalijazwa mimea ya Australia, likiwemo kangaga moja laini ambalo halikuwahi kufika Uingereza likiwa zima. Meli iliondoka Sydney Februari 1834 kwenye joto kali. Ilipozunguka ncha ya kusini ya Amerika, theluji ilirundikana sitahani. Kwenye Ikweta joto likapanda karibu nyuzi 49. Ilipotia nanga London miezi 8 baadaye, Ward na Loddiges walipanda melini wakakuta kangaga lile mbichi kabisa.

Mwaka 1842 Ward alitoa kitabu kuhusu ugunduzi wake. Hakuufanya siri wala hakuuwekea hakimiliki, na alikiri wazi kuwa Mskoti mmoja alifanya jaribio kama hilo kabla yake, ila hakulitangaza. Ushuru wa vioo ulipofutwa Uingereza mwaka 1845, masanduku ya makangaga yakaingia sebuleni kwa watu wa kawaida, hadi ikawa kama homa. Watu walichimba makangaga porini mpaka sehemu nyingine yakawa adimu.

Na kwenye meli? Hapa sifa zinachanganyika na lawama. Kwa masanduku hayo chai ilitolewa China ikapelekwa India. Mwaka 1876 karibu miche 1,900 ya mpira, iliyooteshwa London kwa mbegu zilizotoka Brazil, ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye biashara ya Brazil ikaporomoka. Wajerumani nao waliyatumia kusafirisha miche kati ya Berlin na makoloni yao, wakati ambao walianzisha kituo cha Amani, Usambara, mwaka 1902. Udongo wa masanduku ulibeba pia wadudu na magonjwa ya mimea.

Bila kinga, hasara ilikuwa kubwa. Mkonge, unaofahamika vizuri Lindi, uliletwa Tanga mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na huo ni mmea mgumu!

Kwa mwenye kangaga Nachingwea leo, chupa ya Ward haihitaji gharama. Kopo la plastiki la pipi linaloonyesha ndani linatosha. Changarawe kidogo chini, juu yake udongo mweusi uliochanganywa na majani yaliyooza, maji kiasi cha kulowesha tu, kisha funika. Kioo kikijaa ukungu kutwa nzima, maji yamezidi: fungua saa chache. Kisipopata ukungu hata asubuhi, ongeza maji kidogo, na ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima chenye chumvi. Kosa linaloua haraka ni kuliweka juani. Chini ya jua la Ruangwa kopo lililofunikwa ni jiko. Mwanga wa dirisha lenye kivuli unatosha, na lisisogee karibu na bati.

Likishakauka usilitupe. Kata majani yote karibu na udongo, lowesha, funika, subiri wiki kadhaa. Mara nyingi shina lililo chini bado liko hai.

Ward mwenyewe hakutajirika. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1852, akaendelea kutibu wagonjwa, na baadaye akahamia Clapham alikojaza nyumba na bustani mimea yake. Alifariki Juni 1868 huko St Leonards, pwani ya kusini ya Uingereza, akazikwa kwenye makaburi ya Norwood, London. Kaburi lake halikuwekewa alama.